Umepata 14 kwa 15, Umefeli

Oktoba 1529, katika ngome ya Marburg, Ujerumani, wanamatengenezo wa Kanisa Luther na Zwingli walikaa wakichambua imani. Kati ya hoja 15 walikubaliana 14; iliyobaki, ya mwili wa Kristo katika Chakula cha Bwana, ikawashinda. Inasimuliwa kwamba Luther aliandika maneno ya Yesu kuhusu mwili wake kwa chaki mezani, akayafunika kwa kitambaa, akayafunua alipobanwa. Mwishowe Zwingli akanyoosha mkono wa undugu, machozi yakimlengalenga. Luther akaukataa. Mafundisho kwanza, jamani, mkono utasubiri.

Msidhani mtihani umefutwa. Mwulize baba mchungaji tofauti ya kuzamisha na kunyunyizia, atakupa saa mbili nzima, na Kigiriki juu. Mwulize yule mjane wa benchi la nyuma anaitwa nani, atakutuma kwa mwenye daftari la jumuiya. Daftari hilo, kwa taarifa yako, halijawahi kukosea: marehemu mumewe alidaiwa ahadi ya jengo tangu mwaka juzi, kwa hiyo maziko wataongoza majirani. Maswali kuhusu Utatu Mtakatifu yanapokelewa ofisini Jumanne, saa za kazi.