Baiskeli Yenye Kikohozi

Mpwa wangu, hongera. Ile baiskeli ya Phoenix ya marehemu babu yako, yenye keria pana iliyobeba magunia ya mihogo hadi sokoni Arua, umeifunga kiinjini chenye ukubwa wa birika. Sasa Onduparaka nzima inajua unapotoka, unaporudi, na plagi inapogoma.

Najua utanitajia Honda. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu, Soichiro Honda alizichukua injini ndogo za jenereta za jeshi akazifunga kwenye baiskeli. Sawa, baba. Ila wewe unakwenda Koboko, na kilima cha kwanza tu umeshaanza kukanyaga pedeli, injini imetulia kama abiria aliyelipa nauli. Breki ni zilezile za vyuma, mpira umelika, zilizotengenezwa kusimamisha mihogo.

Boda boda nazo zilianza kwa baiskeli, zikivusha watu mpakani Busia. Wenzako wakahamia pikipiki za Bajaj. Wewe umechagua katikati: petroli ya pikipiki, jasho la baiskeli.

Jana ulinipigia honi barabarani, nikakupungia mkono. Nilikuwa nakupita, kwa miguu.