Manyoya Huota Tumboni

Umemwokota mbwa nyuma ya soko. Mbavu zinahesabika, mgongo umenyonyoka hadi ngozi inaonekana, na kila akichuchumaa anaacha uji. Umefanya jambo jema. Sasa jiandae kwa washauri, maana watafika kabla hujafunga geti.

Wa kwanza atakuambia umpake oili chafu ya gari. Mkatalie kwa adabu, hata akiwa mzee wa mtaa: "Shikamoo, mzee. Oili tuiachie injini." Mbwa hujilamba, kwa hiyo unachompaka mgongoni kitaishia tumboni, na oili iliyotumika ina sumu zinazochubua ngozi na kuumiza ini na figo. Wa pili atakuja na dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyoipima kwa kifuniko cha chupa. Amitraz iliyomo humo inaua utitiri wa upele kweli, lakini ikizidi mbwa hulegea, hutapika, mapigo ya moyo hupungua, na anaweza kufa. Mwambie huyo bwana aifunike chupa yake. Wa tatu atasema mbwa koko hawaumwi, wamezoea shida. Huyo usibishane naye, mwonyeshe kinyesi.

Na kazi yenyewe inaanzia hapo hapo kwenye kinyesi. Watu wengi hufika kwa daktari wa mifugo wamembeba mbwa na kuuacha ushahidi nyumbani. Amka mapema, mfuate uani na kopo safi lenye kifuniko. Chota kilichotoka muda huo huo, kijiko kimoja cha chai kinatosha, usizoe na mchanga, kisha kiwahishe kabla joto halijakiharibu. Majirani watakuchungulia ukutani. Wasalimie, endelea. Daktari atakikoroga kwenye maji yenye chumvi nyingi, mayai ya minyoo yaelee juu, ayatazame kwa hadubini. Ukiona kinyesi cheusi kinachonata na fizi zimepauka, hofia safura: minyoo iitwayo Ancylostoma caninum hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mbwa mdogo anaweza kufa kwa kuishiwa damu tu. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hupenya pia ngozi ya mtoto anayecheza peku uani na kumwachia mstari mwekundu unaowasha, hivyo kinyesi kizolewe kila siku.

Kidonge kimoja hakimalizi. Dawa huua minyoo iliyokomaa utumboni, kisha ile iliyokuwa changa mwilini hukua na kushika nafasi, ndiyo maana dozi hurudiwa baada ya wiki 2 au 3. Kuna pia Giardia, kijidudu cha maji machafu kisichotoka kwenye kinyesi kila siku. Daktari akikuomba sampuli za siku tatu, usidhani anakuzungusha.

Wengi hukosea kwa kutibu kuhara upande mmoja na kunyonyoka upande mwingine, dirisha moja la vidonge, dirisha la pili la shampuu yenye picha ya mbwa anayecheka. Unyoya karibu wote ni protini. Utumbo uliovimba au uliojaa minyoo haunyonyi chakula, na mwili wenye njaa hulisha moyo na ubongo kwanza, ngozi ikabaki ya mwisho. Mwogeshe kwa shampuu ya bei yoyote, protini haipitii mgongoni. Halafu tazama sufuria lake. Ugali mtupu kila siku humnyima protini, na nafaka zina fitati inayoshika madini ya zinki yasifike mwilini. Ngozi ikikosa zinki hupata magamba na kupoteza manyoya. Mbwa wa namna hiyo anashiba na bado ana njaa.

Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu muulize. Usimwagie sinia la pilau siku ya kwanza kwa huruma. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula ghafla, madini ya damu huvurugika na mbwa anaweza kufa akiwa ameshiba. Mpe kidogo, mara tatu au nne kwa siku: wali laini na kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila mifupa, bila kitunguu hata chembe, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Maziwa achia paka wa kwenye hadithi.

Minyoo ikiisha na kuhara kukabaki, daktari anaweza kushuku chakula chenyewe. Hapo huchaguliwa nyama moja na wanga mmoja ambao mbwa hajawahi kula, labda sungura na viazi vitamu, asile kingine kwa wiki 8. Tumbo huonyesha nafuu ndani ya wiki chache, ngozi huchelewa. Adui wa zoezi hili ni familia. Bibi ana kipande cha chapati, watoto wana biskuti, mlinzi wa usiku ana mfupa mfukoni, na wote wanampenda. Itisha kikao, mlinzi akae mbele.

Yupo pia mbwa anayekula bila kushiba, akakonda, na kutoa kinyesi kingi kilichopauka chenye mafuta. Kongosho lake huenda halitoi vimeng'enya. Hutibiwa kwa unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo, na pasipo unga daktari anaweza kukuelekeza kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni, lililokaguliwa. Linaweza kugandishwa. Ukilipika umeua dawa.

Ngozi nayo ichunguzwe, isikisiwe. Daktari hubana kunjo la ngozi, huikwangua kwa wembe hadi damu ichungulie, kisha hutandaza ukoko kwenye kioo chenye tone la mafuta. Akikuita utazame, nenda. Utitiri aitwaye Demodex ana mwili mrefu mwembamba, na miguu yake minane mifupi imesongamana upande wa kichwa. Huyo haambukizi watu, hushamiri kinga ya mbwa ikishuka. Sarcoptes, utitiri mwingine, ni wa duara, huwasha kupita kiasi, na huwashisha familia nzima. Mkune mbwa ukingo wa sikio: mguu wa nyuma ukianza kurusha mateke hewani, mshuku huyo, ingawa jibu hutoka kwa daktari. Kupe na viroboto pia wana sehemu yao, kwa hiyo mkague katikati ya vidole.

Uvumilivu unahitajika hasa mwishoni. Kinyesi kitashikana kwanza, halafu ngozi itaacha kunuka, ndipo vitachipuka vinyweleo laini. Manyoya kamili huchukua miezi. Mpige picha kila mwezi pale pale, mwanga ule ule, kwa sababu macho ya kila siku hayaoni mabadiliko.

Nanyi mnaouza dawa za mifugo, tunawaomba neno moja. Mteja akitaka dawa ya mbwa, msimpe kabla ya kumuuliza uzito na aina. Ivermectin inayomfaa ng'ombe inaweza kumuua mbwa wa ukoo wa Collie. Kama hajui uzito, mwambieni apande kwenye mizani amembeba mbwa, kisha apande peke yake, atoe tofauti. Hilo halina gharama, na mbwa atapata dozi inayomfaa.