Asante kwa Kufungwa

Kusifu bingwa si kazi. TP Mazembe imechukua ubingwa wa Afrika mara 5, na mtoto yeyote wa hapa kwetu Luberizi anayeweza kuhesabu vidole vya mkono mmoja anaweza kuisifu. Mimi naomba niisifu Manchester United. Mpaka mwisho huu wa Septemba 2025 imecheza mechi 6 za ligi: imeshinda 2, imetoka sare 1, imepoteza 3. Magoli iliyofunga ni 7, iliyofungwa 11, pointi 7. Hiyo ndiyo tathmini yangu ya mwanzo wa msimu, na sioni pa kulalamikia.

Fadhila yake ya kwanza ni kuwahi. Msimu uliopita ilimaliza ya 15 na pointi 42, kwa hiyo Agosti ilipofika hatukuwa na deni la matumaini kwa mtu. Muonee huruma ndugu yetu wa Arsenal. Timu yake imemaliza ya pili misimu mitatu mfululizo, na kila mwaka hubeba tumaini lake kutoka Agosti mpaka Aprili, linanenepa njiani, halafu linamfia mikononi wakati wa mvua. Sisi letu tunang'olewa mapema kama jino bovu. Tarehe 17 Agosti Arsenal wenyewe walikuja Old Trafford, wakatufunga 1-0, na jioni ile ile tulikuwa tumeshaujua ukweli ambao wao huufuata miezi tisa.

Ya pili ni ukarimu. Chelsea walibaki watu 10 tangu dakika ya 5, kipa wao alipopewa kadi nyekundu. Timu nyingine ingeutumia msiba huo mpaka mwisho. Yetu iliona si haki: kabla ya mapumziko Casemiro naye akatolewa, watu wakawa sawa. Tulishinda 2-1, lakini kwa adabu. Penalti, nahodha wetu Bruno Fernandes ameshakosa 2, moja kule Fulham na nyingine juzi kwa Brentford, na mara zote mbili wenyeji walifurahi sana. Nani mwingine anawajali wenyeji namna hiyo?

Lakini kilele cha ukarimu ni usiku wa tarehe 27 Agosti, kwenye kombe la ligi, na hapo naomba nisiharakishwe.

Grimsby ni mji wa wavuvi, na timu yake iko daraja la nne. Masapota wake huja uwanjani wakipunga samaki wa plastiki waliojazwa hewa. Sisi watu wa ndagala tungewapenda bila kulazimishwa. United ilifika kule ikiwa imetumia karibu paundi milioni 200 kwa washambuliaji watatu, na ilipofika nusu saa ilikuwa nyuma 2-0. Ikasawazisha dakika za mwisho, kwa kuwa ingekuwa ubahili kuwapa raha fupi. Zikaja penalti, kwetu ikiwa inakaribia saa tano za usiku. Sine tunayoangalilia mpira inategemea betri ya sola, na konvertisa yake ikianza kulia pi-pi-pi, kila mtu anajua zimebaki dakika chache. Ilianza kulia katikati ya penalti. Mtu akazima taa, mwingine akachomoa simu za watu zilizokuwa zikichajiwa, na wenye simu, siku nyingine wangepigana, walinyamaza. Matheus Cunha alikuwa na nafasi ya kumaliza kazi, kipa akaipangua. Wakapiga wote mpaka makipa, wakarudi mwanzo wa foleni. Kocha Ruben Amorim alikuwa ameshaonekana amekaa kwenye benchi akisogeza vidude vya sumaku kwenye ubao, kama fundi wa saa. Penalti ya 26 ilikuwa ya Bryan Mbeumo. Mwamba. Grimsby 12, United 11.

Watu wa Arsenal, Chelsea na Liverpool walikumbatiana. Ukae hapa uwanda wa Ruzizi, kati ya Luvungi na Sange, ndipo utajua uzito wa neno hilo. Tunagombania shamba, tunagombania ng'ombe, tunagombania nani alitangulia kufika. Mikutano ya upatanisho imefanyika hapa, na magari meupe, na maji ya chupa, na ripoti. Hakuna iliyowaweka watu wa lugha zote kwenye benchi moja wakiwa wanacheka kitu kimoja. Kitu hicho kilikuwa mimi na wenzangu wa jezi nyekundu. Hatukulipwa posho.

Kwa mfuko pia kuna faida. Sapota anayeshinda hununua bia ya Primus, maana kila mtu anamdai furaha yake. Anayefungwa hununuliwa, kwa kuhurumiwa. Tena msimu huu hatuna mechi za Ulaya, na baada ya Grimsby hata kombe la ligi limetutoka, kwa hiyo jioni za katikati ya wiki zimerudi kwa wenyewe. Kuna mwalimu mmoja wa kwaya ambaye hajawahi kuwa na sauti nyingi za besi kama mwaka huu, na anamwombea Amorim kwa jina.

Na United ni chuo kikuu cha ajabu: ukiwa ndani unafeli, ukitoka unafaulu. Scott McTominay alitoka 2024, akaenda Napoli, akawa bingwa wa Italia na mchezaji bora wa ligi yao. Marcus Rashford ameenda Barcelona kwa mkopo, na tarehe 18 mwezi huu aliifungia magoli 2 kule Newcastle. Aaron Wan-Bissaka sasa anavaa jezi ya Leopards wetu, timu ya taifa ya Kongo. Ikiwa timu inawalea watu mpaka waende kutengeneza nyumba za wengine, na yenyewe inabaki inavuja, mnataka utakatifu gani zaidi?

Msiseme ni ushabiki wa kizungu usiotuhusu. Kufungwa tumekusomea sisi. Machi 1974 Zaire ilichukua Kombe la Afrika. Juni ya mwaka huo huo, kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani, ikafungwa 9-0 na Yugoslavia. Ulimwengu unakumbuka lipi? Unamkumbuka Mwepu Ilunga akichomoka ukutani na kuubutua mpira wa adhabu wa Brazil kabla wenyewe hawajaupiga. Ubingwa uko kwenye vitabu. Na uwanja wa taifa kule Kinshasa, ulipofunguliwa 1994, uliitwa Kamanyola, jina la jirani zetu wa juu ya barabara hii, kabla haujaitwa Martyrs. Humo humo, tarehe 9 mwezi huu, Leopards waliongoza 2-0 mbele ya Senegal, wakatoka wamefungwa 3-2. Sapota wa United hakuruka lilipoingia la pili. Alikuwa amekaa, anatazama saa.

Kuna mtu anapita hapa karibu kila asubuhi akisukuma baiskeli yenye magunia ya mihogo. Kifuani ana jezi ya zamani ya United, ya mitumba, nyekundu iliyopauka mpaka ikawa rangi ya ndani ya pera, imeandikwa Chevrolet, herufi mbili zimebanduka. Tangu Februari, mji wa Bukavu ulipochukuliwa na waasi, ameshakimbia na baiskeli hiyo na kurudi nayo, na jezi. Mwaka huu hatuna upungufu wa huzuni hapa. Zote zimekuja bila kuuliza. Hii ya United tuliichagua, ina saa yake ya kuanza, ina dakika 90 na za nyongeza, mwamuzi anapuliza filimbi na inaisha, na kesho yake hakuna anayezikwa. Nilimuuliza yule bwana kuhusu Brentford. Akaegemeza baiskeli, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mukubwa, tatu kwa moja! Hawa watu watatuua," kisha akaendelea kusukuma.

Sasa hatari iliyobaki. Tarehe 4 Oktoba Sunderland wanakuja Old Trafford, na hao wamepanda daraja mwaka huu tu. Huenda tukashinda. Peke yake haina madhara. Burnley tuliwafunga 3-2 kwa penalti ya dakika ya 97, na wiki mbili baadaye Manchester City wakaturudisha mahali petu kwa 3-0. Tangu Amorim aje, mpaka mwisho huu wa Septemba hatujawahi kushinda mechi mbili za ligi mfululizo. Inayofuata Sunderland ni Liverpool, kwao Anfield, tarehe 19, na hapo moyo wangu ungetulia kabisa kama si maneno ya mwenye sine. Amesema siku United ikishinda mara mbili kufuatana, watu watarudi kwa wingi, naye atapandisha kiingilio kutoka falanga 500 mpaka 1,000, na hatashusha tena.