Jinsi ya Kwenda Paje Kupanda Mawimbi Yasiyofika Ufukweni

Anza kwa kununua ubao. Usianze na kalenda wala ramani, na usimuulize mtu yeyote aliyezaliwa pwani. Chukua mrefu kukushinda, wenye rangi ya chungwa, kwa sababu ukishaulipia hutaweza tena kughairi safari bila kuchekwa nyumbani. Kisha tafuta mji wa pwani uliotulia, ule ambao kila aliyekwenda hurudi na shanga mguuni akisimulia kwamba kule watu hawana haraka. Marafiki zako watakutajia Paje, mashariki ya Unguja, kilomita 50 hivi kutoka Mji Mkongwe.

Usiulize kama Paje kuna mawimbi. Ukiuliza utaambiwa ukweli, na ukweli huharibu likizo. Mawimbi yapo, tena makubwa, ila yanavunjikia kwenye mwamba ulioko mbali na ufuko. Yanayovuka mwamba na kuingia ndani ni maji yaliyokwisha kutolewa hasira, bapa kama sinia ya pilau. Ndiyo maana waliobobea Paje hawapandi mawimbi. Wanavutwa na tiara.

Tiara yenyewe si ile ya gazeti na njiti za ufagio. Ni kitambaa cha mita za mraba 9 au 12, chenye mirija iliyojazwa hewa ili isizame ikianguka, kamba ndefu, na mkanda mpana wa kiunoni unaokufunga kwenye balaa hilo. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliombea hataza tiara ya namna hiyo mwaka 1984, na ikawachukua zaidi ya miaka 10 kuushawishi ulimwengu kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuitaka. Wewe utashawishika kabla ya chakula cha mchana.

Sasa tarehe. Chagua kwa kuangalia likizo uliyoidhinishiwa kazini, usiuangalie upepo, ingawa upepo una ratiba isiyomsubiri meneja yeyote. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Juni hadi Septemba. Ndizo pepo zilizoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi katika pwani hii kwa karne nyingi. Nahodha alishuka na kaskazi akiwa na shehena ya tende, akauza, akapakia boriti za mikoko, akangoja kusi imrudishe kwao. Wewe utautumia upepo huohuo kwenda kutoka kushoto hadi kulia mbele ya baa, kisha kurudi kutoka kulia hadi kushoto, na utalipia. Jambo moja la heri: ukiitazama bahari pale Paje, kaskazi inakujia kutoka kushoto na kusi kutoka kulia, na zote mbili zinakusukuma pwani. Kwa hiyo ukishindwa, utashindwa ukielekea nchi kavu.

Pakua programu ya upepo kwenye simu na uiamini yote. Ikikuambia kilomita 28 kwa saa, shangilia. Usifungue ukurasa unaofuata, wenye habari za maji kupwa na kujaa, maana hapo mambo yanakuwa ya kizee: unatakiwa kujua mwezi una siku ngapi. Mwezi unapoandama na unapopevuka ni bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bahari ya Unguja hufikia mita 4 hivi. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mita 4 si kitu kwenye ukuta wa bandari. Kwenye mchanga wa Paje, ambao unateremka kwa kusitasita, maana yake ni kwamba bahari nzima inaondoka na kukuachia uwanja wa kutembea mpaka uchoke.

Kwa sababu hiyo weka safari yako iangukie mwezi mpevu. Kutakuwa na sherehe, muziki utapigwa mpaka karibu na alfajiri, na utaambiwa kwamba hujaishi kama hujacheza chini ya mwezi huo. Hakuna atakayekukumbusha kwamba mwezi huohuo unafanya kazi nyingine. Siku za bamvua maji ya upande huu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ndiyo saa utakayotoka chumbani na macho mekundu na ubao kwapani. Utasimama barazani uulize bahari imekwenda wapi. Itarudi alasiri, na saa kumi itakuwa imejaa hadi kwenye ngazi za hoteli, lakini wakati huo utakuwa umelala.

Kama utaamua kuifuata huko ilikokwenda, utakutana na wanawake walioamka kabla yako, au tuseme walioamka ulipokuwa unalala. Wameinama kwenye maji ya magotini, katikati ya mistari ya vigingi na kamba. Ndilo shamba la mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara hapa Paje na kijiji jirani cha Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Vipande vya mwani hufungwa kwa vikamba vidogo, taitai, kwenye kamba iliyotandazwa baina ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvunwa, hubebwa, huanikwa, huuzwa. Kinachotolewa ndani yake huenda kugandisha aiskrimu na dawa ya meno, pengine hiyohiyo uliyopigia mswaki leo. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukiwafia kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi joto, na ule wa spinosamu unaovumilia hauna bei ya maana. Kwa hiyo mama unayemwona hapo anabeba mzigo uleule kwa malipo madogo zaidi, na ana saa chache tu kabla maji hayajamrudia kiunoni.

Mpige picha bila kumuomba. Andika chini yake: maisha bila haraka. Shikamoo iweke akiba, hutaihitaji kwa mtu uliyemwona kwa lenzi. Na maji yakijaa, pitisha ubao wako juu ya shamba lake kwa kuwa halina ukuta wala mlango, na mali isiyo na mlango wageni wengi huihesabu ni mandhari. Kigingi kikikuchoma paja, lalamika kwa mwenye hoteli kwamba bahari haikufagiliwa. Mimi nadhani kigingi kina haki ya kutangulia, kimekuwepo tangu kabla tiara hazijafika, lakini mwongozo huu si wa haki.

Usafiri usikupotezee muda. Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo wa kasi huchukua saa mbili hivi, na ukishuka utapokewa na mapapasi watakaokuita rafiki na kukutafutia teksi usiyoihitaji. Kataa, upande daladala ya njia ya Bwejuu, 324, ambayo hupita Paje. Ubao utafungwa juu pamoja na magunia na matenga, konda ataudai nauli yake, na abiria wote watachangia mjadala wa kama ni kitanda au ni ngalawa isiyokwisha. Mkipita Jozani, chungulia dirishani. Kima punju asili yao ni Unguja tu, dunia nzima hawana kwao kwingine, na wamezoea kutazama watu wanaokwenda Paje bila kujua wanachofuata.

Ukifika tafuta mwalimu. Wengi ni vijana wa hapohapo na vijiji vya jirani, nao wanaijua bahari kuliko programu yako. Mazungumzo yatakuwa mafupi.

"Kaka, ubao huu wa nini?"

"Wa mawimbi."

"Mawimbi yako kule," atakuambia, akinyoosha kidole kwenye mstari mweupe mbali kabisa. "Unao mtumbwi?"

Kisha atakuletea ubao wa tiara, mfupi, unaokukomea kifuani, na ule wako wa rangi ya chungwa utawekwa vizuri barazani, ambako utawafaa watu wawili kukalia. Saa za kwanza hutaingia majini hata kidogo. Utasimama mchangani na kitiara cha mazoezi, ukikivuta kushoto na kulia, huku watoto waliotoka chuoni wakikaa kwa safu kukuhesabia kinavyoanguka. Usiwafukuze, wanahesabu vizuri. Siku ya pili utaburutwa kwa tumbo, ambalo ni somo rasmi lenye hatua zake, na siku ya tatu, kama upepo upo na maji yapo kwa wakati mmoja, utasimama juu ya ubao kwa muda unaotosha kupiga mayowe.

Mavazi ni jambo dogo. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni, na Paje ni kijiji cha Waislamu chenye misikiti, maduka na watu wazima, kwa hiyo jitahidi kwenda kununua maji ya kunywa ukiwa kifua wazi, kisha ushangae kwa nini muuzaji anaongea na dari. Mwezi wa Ramadhani fanya hivyo ukitafuna kitu.

Mwisho kabisa, panga kurudi. Safari hii usikosee, chagua mwezi wa Aprili. Bei za vyumba hushuka, ufuko ni wa kwako peke yako, walimu hawana wanafunzi. Hoteli nyingine zitakuwa zimefungwa kabisa, ili usisumbuliwe na wageni wenzako. Kaskazi itakuwa imekwisha kwenda zake na kusi bado haijashika vizuri. Usisahau mwavuli.