Jinsi ya Kutaja Kifo Bila Kutolewa Msibani

Simu imekuja usiku, na wewe ndiye umepewa kazi ya kuwajulisha wengine. Tulia. Anza kwa kukiepuka kitenzi kufa. Hicho ni cha kuku, betri na timu iliyofungwa tatu bila. Binadamu hufariki. Kichwa cha habari kinaruhusiwa kusema "wafa", maana nafasi ni ndogo na wafiwa ni wa watu wengine. Kwa Waislamu andika ametangulia mbele ya haki; kwa Wakristo, ameitwa na Bwana. Ulizia dini kwanza. Kundi la ukoo husoma haraka kuliko unavyofuta.

Pili, cheo. Mtu wa kawaida huwa marehemu papo hapo, hata kama jana mlimwita tapeli. Hayati ni wachache: Jomo Kenyatta tangu 1978, Nyerere tangu 1999. Hakuna ofisi inayogawa hadhi hiyo wala fomu ya kujaza, ila kila mtu anajua nani anastahili. Fundi wako wa pikipiki hastahili. Ukichimba asili, hayati limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, na marehemu ni aliyerehemiwa. Yaani mkubwa akifa anapewa uhai, mdogo anaombewa rehema. Usilieleze hili chini ya turubai. Utasogezewa kiti mbali na sufuria ya pilau.

Usitamke maiti mbele ya mjane, sema mwili. Maiti ni neno la polisi na mochwari. Shehe naye akitangaza swala ya maiti hakuna anayekunja uso, lakini wewe si shehe. Maziko au mazishi? Waachie wenye nguvu ya kubishana.

Ukimfikia mfiwa, sema pole na msiba. Ukomee hapo. Usiongeze samahani: hilo ni la mwenye kosa, na ukoo huu bado unatafuta wa kulaumiwa.

Mwisho, rambirambi. Redioni ni salamu. Msibani ni pesa. Pwani utaambiwa utoe ubani, nawe usikimbilie sokoni kununua wa kufukiza. Kufikia hapo utakuwa umeshateleza mara kadhaa, lakini bahasha nono husahaulisha mengi. Daftari analo mjomba, pale mlangoni. Anaandika jina na kiasi, na jioni atasoma vyote viwili kwa sauti.