Muulize Shangazi Masikio

*Shangazi, shikamoo. Nimepanga chumba Manzese, mita tatu kwa tatu. Nimenunua sabufa, boksi limeandikwa wati 12,000. Nikiwasha, nyimbo zote zinanguruma besi ileile moja. Nikisimama katikati ya chumba besi inapotea, lakini jirani anagonga ukuta. Nimepigwa? – Kijana wa Besi*

Marahaba, mwanangu. Kwenye wati umepigwa. Zingekuwa za kweli, saa moja ya muziki ingekula uniti 12 za LUKU na ungekuwa umeshauza kitanda. Geuza sabufa nyuma, soma kile kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Ukikuta wati 60, hizo ndizo zako.

Mengine ni kazi ya chumba. Sauti hukimbia mita kama 345 kwa sekunde. Kuta zilizoachana mita tatu hupatana na wimbi la mita sita, yaani sauti ya hezi 57 hivi, na hapo ndipo gitaa la besi na ngoma kubwa hushinda. Kila ikigongwa hapo, chumba nacho kinaitikia. Kwa kuwa chako ni mraba, urefu na upana vinaitikia sauti moja kwa pamoja. Besi hiyo hurundikana kwenye kuta na kufifia katikati, kwa hiyo wewe uliyelipa unaambulia patupu na jirani anatikiswa bure.

Toa sabufa kwenye kona, maana kona hukuza besi. Iweke kitandani, pale unapokaa kusikiliza, piga wimbo wenye besi ya kutosha, kisha tambaa ukifuata ukuta, sikio chini. Utapita mahali inanguruma, mahali inakufa, na mahali inasikika sawasawa. Hapo pa mwisho ndipo pa kuiweka. Funga mlango kwanza, mwenye nyumba asije akakukuta umepiga magoti. Na kile kitufe cha besi ulichokizungusha hadi mwisho, kirudishe nusu. Ukipata wa kubadilishana naye, spika mbili za inchi nne zinakutosha kabisa.

*Shangazi, tumehamia kwetu Goba. Sebule kubwa, tailizi, jipsamu, vioo kila upande. Spika zetu ziliimba vizuri tulikopanga, na hata siku ya kuhamia ndugu walizisifia. Sasa hata mtangazaji wa taarifa ya habari hatumwelewi. Baba watoto anataka kununua kubwa zaidi. – Mama Mwenye Nyumba*

Mfiche pochi. Spika kubwa itakuletea mwangwi mkubwa.

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia linajirudia kwa mtetemo mkali, mgonjwa ni chumba. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo mhadhiri hasikiki, maneno yanapandana. Mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, akawa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani usiku, akipima sauti inachukua muda gani kufa. Akaona kwamba muda huo unategemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyomeza sauti. Watu nao humeza. Wale ndugu zako waliokuja na mabegi na kanga zao walikuwa dawa, nawe ukawaaga mapema.

Tandika zulia nene kati ya spika na makochi. Tundika mapazia mazito yenye mikunjo. Yale ya wavu ni ya kupendezesha picha tu. Makochi ya kitambaa yanameza kuliko ya ngozi. Baada ya hapo, spika zikionekana kuzidiwa kweli, mrudishie baba pochi.

*Shangazi, nimejaza trei za mayai ukutani ili majirani wasisikie muziki. Bado wanalalamika. – Didjei wa Mbagala*

Wimbi la mita sita halijui kama kuna trei. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti kali humo ndani, basi. Besi huzuiwa na uzito, yaani tofali na zege, na mianya iliyozibwa. Hebu tazama juu: ukuta wenu unafika kwenye bati, au umeishia njiani na hakuna dari? Kama umeishia njiani, muziki unapita juu kama paka. Saa nne usiku vaa hedifoni.