Faini ya Mgeni Rasmi

Ratiba ya semina huwa nzuri siku inapochapwa. Saa 2:00 kujiandikisha, saa 2:30 ufunguzi, saa 3:00 mada ya kwanza, na kila mada imepimiwa dakika zake kama dozi ya dawa. Shida ni kwamba washiriki nao huja na ratiba yao kichwani, na hiyo ina vipengele vitatu tu: chai, chakula na nauli.

Kazi yangu ni kuwanoa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na ndugu zake: namna ya kutunza vitabu, kukokotoa riba, na kuielewa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoviweka vikundi vya namna hiyo daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Ujaribu kuisoma sheria hiyo saa 8 mchana, pilau ikiwa imeshashuka. Kuna mzee mmoja alikuwa akiitikia kwa kichwa kila kifungu, nikazidi kupandisha sauti kwa furaha. Kumbe ni usingizi ulikuwa unamdondosha shingo.

Kwa hiyo safari ile ya Morogoro nilijipanga. Sheria asubuhi, vichwa vikiwa vyepesi. Kazi za vikundi mchana. Michezo ya kuchangamsha kila macho yakianza kulegea. Kikundi kimoja nilikiomba kije na sanduku lake na vitabu vyake, tuvitumie kwa mazoezi kabla ya kufunga. Kila kitu kilipangika, ila mgeni rasmi, maana huyo hapangwi na mtu.

Saa 2:30 hayupo. Saa 3:30 tukaambiwa yuko njiani, na sote tunajua njia hiyo wengine huianzia bafuni. Saa 4 chai ikaingia. Chapati, sambusa, mayai ya kuchemsha, vyote vimefunikwa, na hakuna wa kufunua kabla semina haijafunguliwa. Ukumbi mzima ukageukia meza ile kwa usikivu ambao mimi sijawahi kuupata.

Nikasema nianze kidogo, isivyo rasmi. Umeme ukakatika, projekta ikazima. Nikarudi kwenye flipchati, makapeni ya kwanza imekauka, ya pili imekauka. Sijui nani alitufundisha tabia hii: kalamu ikigoma, mtu anaifunika vizuri na kuirudisha kwenye boksi, ikamsumbue mwenzake.

"Mwanangu," akasema bibi mmoja wa mstari wa mbele, "mwaka 1973 sisi tulisomeshwa Mtu ni Afya na redio ya betri. Tunakaa kikundi chetu, tunasikiliza, tunafungua kijitabu, tunabishana, kesho yake tunachimba choo. Hiyo mashine yako inachimba nini?"

Kampeni ile ya afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchi nzima, tena kwa wiki 12 tu. Sikuwa na la kumjibu.

Ndipo mweka hazina wa kikundi kile akasimama. "Mwalimu, sisi kwenye kikao chetu hatungojani. Turuhusu tuendeshe kama tunavyoendesha." Kabla sijaruhusu, viti vilishapangwa duara. Sanduku likawekwa katikati, na wenye funguo watatu, kila mmoja na kufuli yake, wakalifungua. Pesa za kikao kilichopita zikahesabiwa kwa sauti. Chai ikafunuliwa, hakuna aliyeuliza itifaki, na mkono mmoja ukawa wa sambusa, mwingine wa daftari.

Walipofika kwenye mikopo ukumbi ukalipuka. Mjumbe mmoja alikuwa ametozwa riba ya mkopo mzima ilhali nusu alisharejesha, na katiba yao inasema riba ni ya salio. Mada yangu ya pili hiyo, niliyoitengea dakika 45 na picha za mishale. Waliimaliza wenyewe kwa kelele, na yule mzee wa kusinzia, maana naye alikuwapo, ndiye aliyeshika kikokotoo. Katibu alipouliza kama cheti chao cha usajili bado kiko hai, nikachomeka sheria hapohapo, ikapita bila mtu kupiga miayo. Mwezeshaji anayesubiri ratiba yake iheshimiwe atasubiri sana. Mimi siku hizi naanza na sanduku.

Mheshimiwa aliingia saa 5 kasoro, msaidizi nyuma yake na faili la hotuba. Tukasimama, tukapiga makofi. Akafungua mdomo aseme itifaki imezingatiwa, mtunza nidhamu akamtangulia na bakuli.

"Karibu sana, mheshimiwa. Kuchelewa ni shilingi 500."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akacheka, tena cheko la kweli, akatoa noti ya 10,000 na kusema chenji wabaki nayo.

"Chenji hatuli," mweka hazina akamjibu. "Kwetu kila senti ina jina. Tunakuandikia umelipia faini 20, umetumia moja."

Akaandika. Mheshimiwa akashukuru, akafungua ukurasa wa kwanza, akakohoa kidogo, akaanza kutusomea juu ya nidhamu ya fedha. Aya ya pili haijaisha, simu ikalia kwenye koti lake.

"Zimebaki 18," akasema mweka hazina, kichwa hakukiinua daftarini.